Taa sita zilizoificha nyumba: kisa cha nyumba moja Kigamboni

Nyumba yenyewe iko Kigamboni, Dar es Salaam, upande wa Mjimwema, mtaa wa pili kutoka baharini. Ni ya chini, vyumba vinne, imeezekwa bati la msauzi la rangi ya kahawia, na mbele ina baraza pana lenye nguzo nne. Pembeni mwa mlango mkubwa kuna kipande cha ukuta, upana kama mita mbili na nusu, kilichobandikwa mawe ya kijivu kutoka chini hadi darini. Kati ya geti na baraza umesimama mwembe mkubwa ulioachwa makusudi wakati wa ujenzi, na njia ya pevingi inapita chini yake. Wenye nyumba ni mstaafu mmoja na mkewe. Hapa nitawaita Mzee na Mama, kama ninavyowaita nikiwa kwao.

Mchana nyumba inapendeza na wageni huisifia. Usiku, kwa maneno ya Mama, "inageuka yadi ya makontena." Lalamiko lake lilikuwa hilo tu. Mzee yeye hakuwa na lalamiko, alikuwa na wasiwasi: kwamba mimi, fundi wa taa za nje, nimeitwa kwa ajili ya urembo nije kumpunguzia taa za ulinzi. Mke anataka nyumba ionekane nzuri, mume anataka mwizi aonekane, na kila mmoja aliamini kwamba mwenzake akishinda yeye amepoteza. Nilipoiona nyumba baada ya magharibi niligundua kuwa taa zilezile zilikuwa zinawanyima wote wawili wanachokitaka.

Taa hizo zilikuwa fladilaiti sita za LED, wati 100 kila moja, nyeupe ile ya Kelvini 6500 ambayo madukani huitwa "deilaiti" (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga: namba ndogo ni njano, kubwa ni nyeupe inayoelekea bluu). Mbili zilifungwa kwenye kona za mbele chini ya fishabodi, yaani ubao wa ukingo wa paa, mbili nyuma, na moja kila ubavu. Zote zilikuwa kwenye urefu wa kama mita tatu, zimeinuliwa uso kuelekea nje. Zilikuwa zikiwaka saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Zaidi ya hizo kulikuwa na balbu moja juu ya mlango, ambayo mbele ya fladi haikuwa na kazi yoyote.

Simama getini uangalie. Unaona vitu viwili vyeupe vinavyochoma macho, na katikati yake umbo jeusi. Taa iliyofungwa kwenye nyumba ikatazama nje haiimuliki nyumba hata kidogo, inamulika macho ya anayekuja. Na jicho likipigwa mwanga mkali, mboni hujibana, hivyo chochote kisicho kwenye mwanga huo kinazama gizani. Nguzo nne, mawe ya kijivu, mwembe, vyote vilikuwepo na hakuna hata kimoja kilichoonekana. Mama alifikiri nyumba imekosa taa za urembo. Hata ningemwekea taa ishirini za urembo bila kugusa zile sita, zisingeonekana.

Mlinzi na kiti chake

Mtu aliyenisaidia zaidi kukielewa kisa hiki ni mlinzi. Kila fundi wa taa za nje angepaswa kuanza kwa mlinzi kabla ya kuongea na mwenye nyumba, maana yeye ndiye anayeishi na taa hizo usiku kucha. Nilimkuta ameweka kiti chake nyuma ya shina la mwembe, mgongo kwa nyumba.

"Shikamoo Babu. Mbona umejificha?"

"Marahaba mwanangu. Sijajificha, hapa ndipo ninapoona. Nikikaa pale mbele taa inanitia kiwi. Mtu akipita na ule ukuta simwoni mpaka anisalimie."

Nilimwomba Mzee atoke nje tufanye jaribio. Kijana ninayefanya naye kazi alikwenda kusimama ubavuni mwa nyumba, karibu na mnara wa simtanki, amevaa fulana ya bluu. Mzee akasimama getini. Fladi ya ubavu huo ilikuwa inawaka, tena vizuri, lakini mnara wa tanki ulikuwa unatupa kivuli kizito chenye ukingo mkali, na kijana alikuwa ndani ya kivuli hicho. Mzee aliangalia kwa muda mrefu akasema hakuna mtu. Nikazima fladi za mbele na za ubavuni, nikamwomba asubiri huku tunapiga soga. Baada ya dakika chache, kwa mwanga wa mbalamwezi na wa taa za majirani, Mzee alisema, "Ebo! Si yule pale?"

Jicho huhitaji kama nusu saa kuzoea giza sawasawa, ila dakika za mwanzo tu huleta tofauti kubwa. Hilo si hoja ya kuacha nyumba gizani. Ni hoja ya kwamba kinachomsaidia mwizi ni tofauti kali kati ya mahali pang'aavu na mahali peusi, kwa sababu humpa pa kujificha palipokamilika. Mwanga hafifu uliotandazwa vizuri haumpi. Baada ya jaribio hilo sikuwa na haja ya kumshawishi Mzee, yeye ndiye aliyeuliza tunaanza lini.

Upande wa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ulimmalizia. Taa sita za wati 100 ni wati 600, kwa saa 12 ni uniti 7.2 kila usiku, na kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 216. Mteja wa kawaida wa nyumbani aliye kwenye kundi la T1 hununua uniti kwa shilingi 292 kabla ya VAT ya asilimia 18 na tozo za REA (wakala wa umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji), na ukishajumlisha inakaribia shilingi 357. Kwa hiyo taa za nje peke yake zilikuwa zinakula takribani shilingi 77,000 kwa mwezi. Mzee alikuwa amezoea kulaumu friji. Alikuwa pia ameshawahi kuuliza kwa nini yeye hapati bei nafuu ya kundi la D1, ambalo lina ukomo wa uniti 75 kwa mwezi. Taa zake za nje peke yake zilikuwa zinapita ukomo huo karibu mara tatu.

Alikuwa na wazo lake: aweke fladi za sola zilizoandikwa "wati 300" alizoziona Kariakoo. Nilimwomba tugeuze boksi tusome upande wa paneli. Taa za namna hiyo huja na paneli ndogo, nyingi za wati 15 au 20. Paneli ya wati 20 ikipata jua zuri la saa tano hukusanya wati-saa 100, hapo ni kabla ya hasara ya betri. Gawanya kwa saa 12 za usiku, unapata taa ya wati nane. Inaweza kuwa taa nzuri ya wati nane, lakini 300 ni namba ya kwenye boksi tu. Sipingi sola, na mbele kidogo nitaeleza ilipokuja kufaa.

Usiku wa kujaribu

Michoro ya taa za nje siiamini sana. Karatasi haijui plasta ya ukuta ikoje, wala majani ya mwembe yana uzito gani. Kwa hiyo kabla ya kuchimba mtaro wowote nilirudi na boksi la taa ndogo za kuchomeka ardhini, waya mrefu wa kuunganishia na tochi mbili, na tukazima kila kitu. Kanuni yangu usiku wa jaribio ni kwamba mwenye nyumba asikae karibu nami. Mama alisimama getini, mahali ambapo mgeni anaiona nyumba kwa mara ya kwanza, na sisi tukawa tunahamisha taa tukimsikiliza.

Tulianza na nguzo. Taa ya wati 5 yenye miale myembamba iliwekwa chini ya kila nguzo, upande wa nje, kama sentimita 20 kutoka kwenye nguzo, ikitazama juu. Mwanga ulipanda nguzo mpaka kwenye dari la baraza, na kwa kuwa dari ni jipsamu nyeupe, likaurudisha chini taratibu kwenye viti. Baraza zima likapata nuru bila taa yoyote kuonekana. Mama hakusema neno mpaka nguzo ya nne ilipowaka, kisha akamwita mumewe aje asimame pale aliposimama yeye.

Tukahamia ukuta mrefu wa plasta upande wa kushoto wa baraza. Nikaweka taa ileile, umbali uleule, ikitazama juu.

"Fundi, zima! Zima hiyo! Mbona ukuta wangu una makovu?"

Alikuwa sahihi. Mwanga unaoparaza ukuta kutoka karibu hurefusha kivuli cha kila kilichojitokeza hata kwa milimita moja. Plasta ya ukuta ule mchana inaonekana laini kabisa. Chini ya taa ile ilitoa mawimbi yote ya ubao wa fundi plasta, na mistari mitatu ya wima mahali walipochana ukuta kupitisha paipu za umeme kisha wakaziba. Hakuna rangi inayoficha hayo. Dawa ni mbili: ama uisogeze taa mbali, kama mita moja kutoka ukutani, ili mwanga uupige ukuta kwa mbele na vivuli vife, ama uuache ukuta huo. Tulijaribu ya kwanza, ikafanya kazi, lakini nikashauri ya pili. Mwanga uliokuwa unamwagika kutoka barazani ulitosha kuuonyesha ukuta kwa mbali, na nyumba ambayo kila sehemu yake inamulikwa haina sehemu inayovuta jicho.

Kinachoharibu plasta ndicho kinachoyapendezesha mawe. Kwenye kile kipande cha mawe ya kijivu kila jiwe limetokeza kwa kiasi chake, na mchana jua la mbele huyafanya yaonekane bapa. Tulishika taa mbili za wati 7 juu, chini ya ukingo wa paa, sentimita 20 kutoka ukutani, zikitazama chini moja kwa moja. Kila jiwe likapata kivuli chake. Niliamua taa zitoke juu badala ya chini kwa sababu tatu za kawaida: huko juu mvua haizifikii, mchanga hauzifuniki, na anayetoka mlangoni hakutani na taa inayomtazama usoni.

Mwembe ulitusumbua. Nilitarajia taa mbili za kutoka chini zitaupandisha mti mzima, kama inavyokuwa kwa mnazi, ambao shina lake ni refu na makuti yake yako wazi. Mwembe uliokomaa una majani mazito ya kijani iliyokolea, yanameza mwanga. Tuliona shina na sehemu ya chini ya matawi, juu yake giza. Kijana akapanda na taa moja hadi tawi la kama mita tano, akaielekeza chini kupitia majani. Vivuli vya majani vikatua kwenye pevingi, na upepo wa bahari ukavitikisa. Hapo hata Babu mlinzi aliinuka kitini. Tulikubaliana taa zote mbili za mwembe, wati 9 kila moja, zikae juu zikitazama chini. Faida yake ya pembeni ilikuwa kubwa: njia ilipata mwanga wake hapo hapo, na zile taa fupi za kando ya njia nilizokuwa nimepanga ziwe tano zikabaki tatu, za wati 4. Taa za mtini hufungwa kwa mkanda wenye nafasi ya kulegezwa, kamwe si kwa misumari, na mkanda hukaguliwa kila mwaka kwa kuwa tawi hunenepa.

Mlangoni nikaweka taa mbili za ukutani za wati 5 zenye kioo cheupe kama maziwa, ili anayefungua mlango aone sura ya anayebisha. Kwenye nguzo za geti mbili nyingine kama hizo, zenye kofia juu, zikimulika namba ya nyumba na kufuli. Jumla ya yote ni wati 84.

Ubishi wa rangi

Mzee hakutaka taa ya njano. Kwake mwanga wa njano ni wa enzi za globu, wa mtu ambaye hajabadilisha, na weupe ndio maendeleo. Naelewa wanaosema hivyo, na ni wengi sana mjini. Sikubishana naye kwa maneno. Niliweka taa mbili zinazolingana kwenye nguzo mbili zinazofuatana, moja ya Kelvini 6500 na nyingine 3000. Nyumba imepakwa rangi ya krimu na bati ni la kahawia. Nguzo ya kwanza ikawa na rangi ya jivu inayoelekea bluu, rangi ambayo hakuna aliyeinunua. Nguzo ya pili ikawa krimu. Mzee aliyekuwa amechagua krimu mwenyewe dukani aliona.

Kwenye mawe ya kijivu mambo yakageuka. Kelvini 3000 iliyafanya yaonekane yamepakwa matope, na Mama akataka nyeupe kidogo. Tukaweka 4000 pale. Mimi hupenda nyumba iwe na rangi moja ya mwanga kuanzia geti hadi mlango, na bado nikipita pale nauona mchanganyiko huo. Mama hauoni, na nyumba ni yake.

Kuna sababu nyingine ya kuikimbia taa nyeupe ambayo mtu wa pwani anaijua kwa ufagio. Masika yakianza, kumbikumbi hutoka ardhini na kufuata mwanga, na asubuhi mlangoni kuna rundo la mabawa. Wadudu wengi huvutwa zaidi na sehemu ya bluu ya mwanga, na taa za 6500 ndizo zenye bluu nyingi. Watega senene wa Bukoba wanalifanyia biashara jambo hilohilo: wanawasha taa kali sana usiku, senene wanakuja, wanagonga bati jipya linaloteleza na kudondokea kwenye pipa. Baraza la Mzee lilikuwa na taa kali na ukuta laini, limekosa pipa tu. Taa ya 3000 haiwafukuzi wadudu, inawapunguza.

Chini ya udongo na chumvi ya bahari

Kutoka kwenye ubao wa breka hadi getini ni kama mita 30 kwa njia ya mtaro. Mwenye nyumba alitaka taa za bustani za volti 12 kwa sababu ya wajukuu wanaocheza peku na mbwa anayefukua. Wazo la volti ndogo ni zuri na nililiunga mkono. Tatizo ni umbali. Taa za mwembe, njia na geti jumla ni wati 40. Kwa volti 12 hizo ni ampea 3.3. Waya wa shaba wa milimita 1.5 ukienda mita 30 na kurudi una ukinzani wa takribani omu 0.73, kwa hiyo mzigo wote ukiwa mwisho wa waya unapoteza volti 2.4 njiani, yaani asilimia 20. Taa ya karibu inawaka vizuri, ya getini inasinzia, na mwenye nyumba anadhani ameuziwa taa mbovu. Tukichukua volti 24, ampea zinashuka nusu, upotevu unakuwa volti 1.2, na sasa hiyo ni asilimia 5 tu ya 24. Waya uleule, mtaro uleule. Tukaweka 24.

Hapo ndipo sola iliporudi. Mzigo wa wati 40 kwa usiku wa saa 12 ni wati-saa 480. Betri ya lithiamu ya volti 24 na ampea-saa 30 hubeba 720, inatosha ikiwa na akiba, na paneli ya wati 150 hadi 200 huijaza kwa siku moja ya jua la kawaida. Umeme ukikatika, geti, njia na mwembe vitaendelea kuwaka. Mzee amelipanga hilo kwa awamu ya pili, na mtaro umeshachimbwa kwa kulizingatia: kuna paipu tupu iliyolazwa pembeni.

Saketi ya nje ina breka yake na kinga ya uvujaji wa umeme ya miliampea 30, ili waya ukilowa nje usizime taa za ndani. Hilo si la kujadili.

Maji na chumvi vilichukua muda wangu mwingi kuliko urembo wote. Fladi za zamani zilikuwa zimeandikwa IP65, na ndani ya mbili kulikuwa na maji. IP65 maana yake vumbi haliingii na taa inahimili kumwagiwa maji ya bomba kutoka upande wowote. Kioo cha taa zile kilikuwa kizima kabisa. Maji yaliingia kwa njia ya waya. Taa ikiwaka hupata joto na hewa ya ndani hupanuka na kutoka. Mvua ikipiga ghafla, taa inapoa, hewa inajikunja na kuvuta kilicho karibu, na kama maungio ya waya yamefungwa kwa utepe tu, kinachovutwa ni maji, yanapita katikati ya nyuzi za shaba mpaka ndani. Fundi anayefunga taa ya IP65 kwa utepe amenunua kinga akaitoboa. Maungio yote tuliyaweka kwenye viboksi vilivyojazwa jeli, na kila waya unaoingia kwenye taa ukapindwa ushuke chini kidogo kabla ya kupanda, ili tone la mvua lidondoke hapo.

Skrubu za chuma cha kawaida hapo Mjimwema huanza kuchora kutu ukutani mapema sana. Kwa taa za chini nilichagua shaba nyeupe-njano ile ya bomba za zamani, yaani brasi, ambayo hubadilika rangi lakini hailiki kirahisi. Kwa skrubu, stenlesi ya daraja la 316, ambayo inahimili chumvi kuliko 304 inayouzwa kila mahali. Taa fupi za njia ni za plastiki ngumu. Kwenye maduka hazivutii, na nafikiri ndizo zitakazodumu kuliko zote. Taa za kuzika kwenye pevingi nilizikataa: zinahitaji shimo la kokoto chini ili maji yapate pa kwenda, zinaweza kupata joto la kuunguza unyayo wa mtoto, na zikijaa mchanga hazitazami tena popote.

Upande wa bahari

Fladi mbili za nyuma zilikuwa zinaelekea ufukweni, juu ya ukuta na kupita nyumba ya mbele yake. Mzee hakuwa amelifikiria hilo, na watu wengi hawalifikirii. Fukwe za Kigamboni ni miongoni mwa sehemu ambazo kasa hupanda kutaga. Mayai hukaa mchangani takribani miezi miwili, na vitoto vikitoka usiku hufuata upeo wenye mwanga zaidi, ambao kwa maumbile ni bahari. Nchi kavu ikiwaka kuliko bahari, vinageuka na kutambaa kuelekea majumbani, vinafia barabarani, au asubuhi vinaliwa na kunguru.

Tulizibadilisha mbili hizo kwa taa za wati 30 zenye sensa ya mwendo, za rangi ya kaharabu (njano inayoelekea chungwa) badala ya nyeupe, na kofia ya bati inayozuia mwanga usivuke ukuta. Zimeshushwa uso zitazame ua. Kaharabu haina ile bluu ambayo kasa huiona vizuri. Kwa upande wa ulinzi ni bora pia, kwani taa inayowaka ghafla humshtua Babu hata akiwa amesinzia, wakati ile iliyokuwa ikiwaka usiku kucha ilikuwa haimwambii chochote.

Ilivyo sasa

Taa za nguzo na za mawe huzimika zenyewe saa tano usiku, nyingine huendelea hadi alfajiri. Tumetumia saa ya kawaida ya ukutani inayowasha na kuzima. Dar es Salaam jua huzama karibu wakati uleule mwaka mzima, tofauti ya mapema na uchelewaji haifiki saa moja, kwa hiyo fotoseli, yaani sensa inayowasha taa giza likiingia, haikuhitajika, na hicho ni kitu kimoja pungufu cha kuharibika. Matumizi yote, pamoja na zile za sensa nikizihesabia saa moja kila usiku, ni kama uniti 24 kwa mwezi, haifiki shilingi 9,000. Tofauti na 77,000 za mwanzo haikulipa kazi yote kwa mwezi mmoja. Mtaro, waya na kurudishia pevingi viligharimu zaidi ya taa zenyewe, kama inavyokuwa karibu kila mara.

Babu amehamisha kiti. Sasa anakaa karibu na geti, pembeni ya mwanga, anaiona njia yote na ubavu wa tanki. Amepewa kazi moja mpya: kila mwisho wa mwezi anafuta vioo vya taa za chini kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, kwa kuwa ukungu wa chumvi hujijenga polepole na hupunguza mwanga bila mtu kugundua.

Kilichobaki ni jirani wa kulia. Ana fladi ya wati 200 iliyoinuliwa uso juu ya ukuta wa mpaka, na inapaka weupe upande mzima wa nyumba ya Mzee, pamoja na nusu ya mwembe. Tangu tulipozima za kwetu ndipo ilipoonekana ilivyo kali. Mama alitaka tupande mti wa kuzuia. Mzee amechagua kwenda kuongea naye, na ameniomba nitengeneze kofia ya bati kama zile za nyuma ili aende nayo mkononi. Nimeshaikata, bado kuipaka rangi.